Menta wa rika: kwa nini kijana anamsikiliza aliyepitia, na kwa nini kupitia peke yake hakutoshi

Saa saba mchana, mlango umefungwa, ndani kuna kijana wa miaka 19 amelala. Haumwi, ila hana pa kwenda. Shule aliacha, kazi alijaribu mbili tatu zote zikaishia njiani, kuna mafunzo ndugu zake walimwandikisha akahudhuria wiki moja akapotea. Mama ameshaongea mpaka kachoka, mjomba kaja na zile stori zake za "sisi wakati wetu", afisa ustawi kaja na fomu, wote hao kawaitikia "sawa" na wakishaondoka tu anarudi kulala au anashuka kijiweni mpaka usiku. Alafu siku moja anakuja jamaa wa miaka 24, hana fomu wala nini, na kijana anamjua vizuri, anajua kabisa kwamba miaka mitatu nyuma huyu alikuwa kwenye hali ileile, pengine mbaya zaidi. Anakaa pale mlangoni nusu saa, wanaongea mpira, anaaga. Wiki inayofuata anarudi tena.

Huyo wa miaka 24 ndio menta wa rika, na miradi inayowatumia watu kama yeye kuwafikia vijana walioko nje ya shule na nje ya kazi imekuwa mingi sana saizi, kila mfadhili anaipenda. Na mimi naiamini hii kazi, naomba niliseme hilo mapema. Ila naona watu wengi wanaichukulia kirahisi mno, yaani wanadhani ukimpata aliyepona ukamkutanisha na ambaye bado basi mambo yatajipa yenyewe. Hayajipi. Na kuna wakati yanaharibika kuliko kama ungewaacha tu, hilo limeshapimwa na watu waliokaa miaka wakifuatilia, ntafika huko.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna mwelimishaji rika, huyu wengi tunamfahamu, anapewa semina siku tano alafu anaenda kuongea na kundi kubwa kuhusu kitu kimoja, ukimwi au madawa au uzazi wa mpango, akimaliza somo kamaliza. Menta wa rika kazi yake haina somo. Anatembea na mtu mmoja au kikundi kidogo kwa miezi mingi, anamsindikiza kuchukua kitambulisho, anakaa naye foleni, anampigia simu asubuhi ya siku ya usaili kuhakikisha kaamka, na siku akipotea anamtafuta. Ukimchukua mwelimishaji rika ukamwita menta bila kubadilisha kitu kingine chochote, umebadilisha jina tu kwenye ripoti.

Alafu hao vijana wenyewe ni akina nani? Hili neno la "wasio shuleni, kazini wala mafunzoni", lile wanaloandika NEET, lilisambaa kutoka Uingereza, ripoti ya serikali ya mwaka 1999 ndiyo iliyolifanya maarufu. Kabla ya hapo watafiti kule Wales walikuwa wanatumia jina lingine ambalo linaniuma mpaka leo nikilisoma: "hali sifuri". Kwenye mafaili ya ofisi za ajira za vijana kila mtu alikuwa na namba kulingana na alipo, masomoni, mafunzoni au kazini, na ambaye hayupo popote namba yake ilikuwa sifuri. Wanaoongea Kihispania wao wanawaita "nini", maana yake hasomi wala hafanyi kazi. Majina yote haya yanasema kile ambacho kijana hana, hakuna hata moja linalosema yuko wapi na anafanya nini na siku yake inaendaje.

Na hapo ndipo miradi mingi inapoanza kukosea, maana hilo ni kapu lenye watu wasiofanana kabisa. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba mwaka 2023 karibu kijana mmoja kati ya watano duniani, wa miaka 15 hadi 24, alikuwa humo, na wawili kati ya kila watatu walikuwa wanawake. Soma hiyo ya mwisho tena. Ukitaja "vijana wenye matatizo" picha inayomjia mtu ni mvulana wa kijiweni na bangi yake, kumbe wengi waliomo kwenye hesabu ni mabinti walioko ndani ya nyumba wanalea watoto, wanauguza wazazi, wanapika na kufua kwa watu kumi, hawapigi kelele na hawaibi simu ya mtu kwa hiyo hakuna anayeandika mradi kwa ajili yao. Ulaya kuna shirika la utafiti linaitwa Eurofound, mwaka 2016 liliwagawa watu wa kapu hili kwenye makundi saba, kuna wanaokaribia kurudi kazini au shuleni, wasio na kazi kwa muda mfupi, wasio na kazi kwa muda mrefu, wagonjwa na wenye ulemavu, wenye majukumu ya familia, waliokata tamaa, na wengineo. Sasa mtu aliyemaliza mafunzo mwezi uliopita anasubiri majibu, huyo menta wa nini? Mpe nauli na taarifa za kazi inatosha. Menta ni kwa ajili ya wale ambao mlango ukiwa wazi bado hawaingii, aliyekata tamaa, aliyetoka jela, anayetumia unga, aliyejifungia chumbani miezi, binti aliyeambiwa mara nyingi kwamba maisha yake yameisha mpaka akaamini.

Kwa nini huyo amsikilize jamaa wa miaka 24 na asimsikilize afisa mwenye digrii? Jibu la haraka ni kwamba wanafanana, na ni kweli, lakini kufanana kuna kazi mbili tofauti ndani yake. Ya kwanza ni kuondoa aibu. Kijana aliyeacha shule akiongea na mwalimu anakuwa tayari ameshajiona ameshindwa kabla hajafungua mdomo, akiongea na mtu ambaye naye aliacha hana cha kuficha. Ya pili ni ushahidi. Ukimwambia mtu "inawezekana" hayo ni maneno, akimuona mtu aliyekuwa analala naye vibarazani sasa ana ufunguo wa chumba chake, hiyo haihitaji kuhubiriwa. Ndio maana umbali kati yao una maana sana na miradi mingi inaukosea, wanaleta mtu aliyefanikiwa sana, ana gari, ana kampuni, anasimulia alivyotoka chini, vijana wanampigia makofi na moyoni wanasema huyu ni wa aina nyingine. Menta mzuri amewatangulia hatua mbili tatu tu, njia aliyopita bado inaonekana nyuma yake.

Kuna na faida ya tatu ambayo watu hawaitegemei, inamwendea menta mwenyewe. Mwaka 1965 mtafiti Frank Riessman aliandika kuhusu hiki kitu, akaonyesha kwamba kwenye vikundi vya kusaidiana mara nyingi anayesaidia ndiye anayepona zaidi. Walevi waliokuwa wanasaidiana kuacha pombe walikuwa wanalijua hilo tangu miaka ya 1930, anayemshika mwenzie mkono naye anabaki wima. Ukimpa kijana nafasi ya kuwa na maana kwa mtu mwingine umempa kitu ambacho fomu ya ustawi haiwezi kumpa.

Haya, sasa upande mwingine, na hapa naomba utulie maana ndio kiini cha makala yote.

Marekani, karibu na Boston, kati ya 1939 na 1945 kulikuwa na mradi mkubwa wa kusaidia wavulana walioonekana wanaelekea kubaya. Wavulana 506 waligawanywa nusu kwa nusu, nusu wakapata washauri waliowatembelea nyumbani, msaada wa masomo, matibabu na kambi za likizo, nusu nyingine wakaachwa waendelee na maisha yao. Hao washauri walikuwa watu wazima, haukuwa mradi wa rika, lakini subiri. Miaka zaidi ya 30 baadae mtafiti Joan McCord akawatafuta wote. Waliosaidiwa wengi walisema mradi uliwafaa, wanaukumbuka vizuri, wanawakumbuka washauri wao kwa upendo. Alafu akaangalia rekodi. Waliosaidiwa ndio walikuwa na hali mbaya zaidi, walirudia uhalifu zaidi, ulevi zaidi, ugonjwa wa akili zaidi, na walikuwa wanakufa mapema zaidi. Matokeo yake aliyachapisha 1978. Baadae yeye na mtafiti mwenzie Thomas Dishion walipochambua tena wakaona madhara yamejikusanya kwa wale waliopelekwa kwenye kambi za likizo zaidi ya mara moja, yaani pale walipokusanywa wavulana wa aina moja wakakaa pamoja muda mrefu.

Dishion alikuwa ameshaona kitu hichohicho kwenye utafiti wake. Aliwarekodi vijana wakiongea wawili wawili akagundua kwamba mmoja akisimulia uhuni wake mwenzie anacheka, na kile kicheko ni malipo, kesho atasimulia kingine kikubwa zaidi. Alipowaweka vijana wenye shida kwenye vikundi vya kuwasaidia, baadae uvutaji sigara na utundu uliongezeka badala ya kupungua. Umeona tatizo? Kile kitu kinachofungua mlango, kufanana, ndicho hichohicho kinachoweza kumvuta mtu chini. Rika linafundisha muda wote, swali ni linafundisha nini.

Na kuna watu waliutumia huo mfanano kutishia. Miaka ya 1970 kwenye gereza moja la New Jersey wafungwa wa maisha waliwekewa vijana mbele yao wawafokee, wawaeleze jela ilivyo, wazo likiwa kwamba aliyepitia akimtisha mdogo basi mdogo ataogopa. Ilisambaa sana, mpaka kwenye televisheni. Mtafiti Anthony Petrosino na wenzake walipokusanya majaribio ya miradi ya namna hiyo wakakuta waliopelekwa kutishwa walifanya makosa zaidi ya wale ambao hawakupelekwa kabisa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tutawaletea waliotoka jela wawaambie ukweli", muulize, alafu baada ya kuwaambia?

Sasa mbona kuna miradi ya rika inayofanikiwa? Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Monrovia, Liberia. Watafiti Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan walifuatilia wanaume 999, wengi vijana walioishi kwa wizi na kuuza madawa, wengine waliwahi kupigana vita. Kwa bahati nasibu wengine walipewa dola 200, wengine wakapewa wiki nane za tiba ya kubadili fikra na tabia, wengine vyote viwili na wengine hawakupewa kitu. Waliokuwa wanaongoza vikundi hawakuwa madaktari wala wasomi wakubwa, wengi wao walitoka kwenye maisha hayohayo ya mtaani na vita, wakabadilika, na walikuwa wameifanya hiyo kazi miaka kadhaa. Wanakutana kwenye kikundi mara tatu kwa wiki, siku nyingine kiongozi anakufuata ulipo. Na mazoezi yake yalikuwa vitu vidogo ambavyo ukisoma unaweza kuvidharau, kunyoa nywele, kuvaa nguo safi, kuingia benki au supamaketi kama mtu mwingine yeyote na kuona kwamba hufukuzwi, kujizuia kabla ya kumjibu aliyekutukana. Mwaka mmoja baadae waliopata tiba peke yake nafuu yao ilikuwa inafifia, waliopata hela peke yake mabadiliko hayakudumu, ila waliopata vyote viwili wizi na vurugu vilishuka karibu nusu, na walipowatafuta tena baada ya miaka 10 tofauti ilikuwa bado ipo.

Hawa nao walikuwa vijana wa hatari waliokusanywa pamoja, kama zile kambi. Kilichotofautiana, kwa ninavyoelewa mimi, ni kwamba kwenye kikundi cha Monrovia kulikuwa na mtu wa rika mwenye nguvu ya kubadilisha ni kitu gani kinapigiwa makofi. Ukija umenyoa unapongezwa, ukija na stori ya kuiba hupati kicheko. Kambini hakukuwa na mtu wa namna hiyo usiku vijana wakibaki peke yao. Kwa hiyo kikundi si sumu na si dawa, kinategemea nani kashika kicheko.

New York nako kuna mradi unaitwa Arches, ulianza 2012, wa vijana wa miaka 16 hadi 24 walio chini ya uangalizi wa mahakama, na mamenta wake wengi ni watu wa mitaa hiyohiyo wenye historia yao na sheria. Kule wanawaita wajumbe wanaoaminika, na jina limekaa vizuri kwa sababu linataja vyote viwili, kuna kuaminika na kuna ujumbe. Tathmini ya 2018 ya Urban Institute, taasisi ya utafiti ya kulekule Marekani, ilikuta waliopitia Arches uwezekano wa kuhukumiwa tena kwa kosa kubwa ndani ya miezi 12 ulikuwa chini kwa asilimia 69 ukilinganisha na wenzao. Haikuwa bahati nasibu kama Liberia, walilinganishwa na vijana wanaofanana nao kwenye rekodi, kwa hiyo hiyo namba ichukue kwa tahadhari kidogo, lakini ni kubwa mno kuipuuza. Na mamenta wa Arches wanalipwa.

Hilo la malipo nataka nikae nalo kidogo maana linaniumiza. Sehemu nyingi menta wa rika anaambiwa anajitolea, anapewa fulana na nauli, wakati yeye mwenyewe hana kazi, yaani naye yumo kwenye lile kapu! Unamtaka apokee simu saa nane usiku ya mtu anayetaka kujiua, unamtaka arudi kila siku kwenye kijiwe ambacho yeye alipambana kutoka, anyooshewe unga aliouacha miezi 14 iliyopita na aseme hapana, alafu mwisho wa mwezi unampa cheti. Wengine wanarudia, na wakirudia mradi unawafuta kimyakimya kwa sababu wanaharibu picha, na yule kijana wa mlangoni aliyekuwa anamwangalia kama ushahidi anaona ushahidi wenyewe umeanguka na hakuna aliyemweleza chochote. Kama huna msimamizi anayekaa na menta kila wiki amuulize na yeye analala vipi, na kama hukupanga mapema kitakachofanyika siku menta akiteleza, bado hujawa tayari kuanza.

Mipaka nayo wanaisahau. Menta si daktari wa akili, si polisi, si baba. Lazima ajue kabla ni siri zipi anabaki nazo na zipi analazimika kuzipeleka kwa msimamizi, kwa mfano mtu akisema atajiua au kuna mtoto anaumizwa, na kijana aambiwe hilo siku ya kwanza kabisa, kwa sababu akija kuligundua baadae ataona amesalitiwa. Kukopeshana hela ni hapana. Menta wa kiume kukutana faragha na binti wa miaka 16 ni hapana, na ukisikia mradi unasema "sisi tunaaminiana" usimpeleke mtoto wako.

Na namna ya kuongea inafundishika, watu wanadhani ni kipaji tu. Tangu 1983 mwanasaikolojia William Miller alieleza mtindo wa mazungumzo aliouanza na watu wenye shida ya pombe, badala ya kumsukuma mtu unamuuliza maswali mpaka sababu za kubadilika azitaje yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Mtu aliyepitia shida anakuwa na hamu kubwa sana ya kusimulia ya kwake, ni haki yake, ila ukimwangalia menta mpya anaongea dakika 40 kijana anaitikia tu "mm", anakuwa amegeuka mjomba mwenye umri mdogo. Stori yako inafungua mlango mara moja. Baada ya hapo kaa kimya usikilize.

Muda. Utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes wa mwaka 2002, kwa vijana waliounganishwa na mamenta watu wazima, ulionyesha kwamba waliodumu na menta mwaka au zaidi ndio waliopata faida kubwa, na wale ambao uhusiano ulivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka jinsi wanavyojithamini, walibaki chini kuliko wasiopata menta kabisa. Kwa kijana ambaye tayari ameachwa na baba, na shule, na kazi, menta anayepotea wiki ya kumi ni mtu mwingine tena aliyemuona na akaondoka. Sasa chukua hiyo uweke pembeni ya miradi ya miezi sita, ambapo miezi miwili ni kuajiri na semina, mwezi wa mwisho ni ripoti, inabaki miezi mitatu ya kukaa na kijana. Yaani tunapanga kabisa, kwa bajeti na saini, kuishia palepale panapoumiza. Kama hela ni ya miezi sita, bora uchukue vijana wanane badala ya themanini na ukae nao mpaka mwisho wa mwaka.

Alafu kuna hili la mlango wa pili. Menta anaweza kumtoa mtu kitandani, lakini akishatoka lazima kuwe na kitu huko nje, fundi anayepokea wanafunzi, shule ya jioni inayokubali mtu mwenye mtoto, kliniki isiyomcheka, hela kidogo ya kuanzia kama zile dola 200. Ulaya tangu 2013 nchi za Umoja ziliahidi kwamba kijana apate ofa ya kazi, masomo au mafunzo ndani ya miezi minne tangu akose, na utekelezaji haukuwa sawa kila mahali lakini angalau ahadi ina tarehe. Pasipo mlango wa pili menta anageuka mtu wa kumsaidia kijana kuvumilia, na vijana wanaliona haraka sana kuliko wafadhili.

Na mwisho wa uhusiano upangwe kama ulivyopangwa mwanzo. Kijana aambiwe mapema tutakuwa pamoja mpaka mwezi fulani, miezi miwili kabla wakumbushane, mikutano ianze kupungua kidogo kidogo, na awepo mtu mwingine ambaye kijana ameshamzoea, shangazi, fundi wake, mwenzie wa kikundi, namba yake iwe tayari kwenye simu. Wapo watakaotaka kuwa mamenta wiki ileile wanamaliza, moto bado unawaka, na hao waambiwe wasubiri kwanza, mwaka hivi, waishi maisha yao, walipe kodi yao ya chumba mara kadhaa bila msaada. Akirudi baada ya huo mwaka na bado anataka, mpeleke kwa msimamizi, na mlango wa kwanza atakaogonga asiugonge peke yake.